Mpeni Trauti Jembe

(Maneno haya yalisemwa Nyeri mbele ya wakulima wanaotumia maji ya mto na wanafunzi wa sekondari. Yamepunguzwa kidogo tu.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wenzangu, akina mama, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mtoroke nikizidisha, hamjambo?

Hilo boksi lililo mezani msilijali kwa sasa. Nitalifungua mwishoni.

Nimeitwa nizungumze juu ya uvuvi. Nilipokuwa nikiingia, mzee mmoja alinishika mkono pale nje akaniuliza, "Mwalimu, uvuvi gani, na bahari iko Mombasa?" Tulicheka, lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi wa huku mlimani hatukuzaliwa wavuvi. Wazee wetu wa Kikuyu hawakula samaki. Mwaka 1971 nilipomletea nyanya yangu trauti wangu wa kwanza, samaki wa mito baridi ya mlimani, nimemfungia kwenye jani la mgomba kama zawadi, alinyanyua mwiko akaniamuru nimtoe nyoka huyo jikoni mwake. Nilimchoma nyuma ya zizi, nikamla peke yangu bila chumvi.

Wakati huo nilikuwa mbeba mkoba. Wavuvi walikuja kutoka Nairobi Jumamosi wakitafuta kijana wa kuwabebea chakula na wavu mdogo wa mkono, na wa kuwaonyesha njia isiyo na nyati. Malipo yalikuwa shilingi mbili na mkate uliobaki. Hakuna aliyenifundisha kuvua. Nilijifunza kwa kutazama migongo ya watu, na nikiwaambia ukweli, nilijifunza zaidi kutoka kwa wale ambao hawakupata kitu kuliko waliopata.

Basi tuanze na samaki mwenyewe. Trauti ni mgeni. Mwaka 1905 mlowezi mmoja, Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven kule Uskoti. Yalikuja kwa meli hadi Mombasa, yakapanda reli, kisha yakabebwa na wapagazi kuvuka milima ya Nyandarua hadi mto Gura. Nami kila nikisimama Gura huwafikiria wapagazi hao kwanza. Hebu fikiria umebebeshwa kichwani kitu ambacho hukili, hukijui, unaambiwa kikipata joto kitakufa, na mbele yako kuna mlima.

Grogan huyohuyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko hadharani vijana watatu wa Kikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa kwa muda mfupi. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaosimulia habari za trauti wa Kenya kana kwamba ni hadithi ya waungwana, kofia zao na chai ya saa kumi. Samaki alikuja katika mzigo uleule ulioleta kiboko. Kosa hilo si la samaki, lakini kulificha ni uongo.

Sasa, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu yuko hapa zaidi ya miaka mia moja. Anakunywa maji yetu, anakula wadudu wetu, anazaa watoto wake katika changarawe yetu bila kumwomba mtu ruhusa. Jembe lake liko wapi? Hilo ndilo swali lililonileta hapa.

Na kabla sijamtetea, nimshtaki. Trauti wa kahawia yumo katika orodha ya viumbe mia moja vamizi wabaya zaidi duniani, orodha iliyotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Kule New Zealand ameingia katika mito iliyokuwa na samaki wadogo wa asili, akawapunguza na sehemu nyingine akawamaliza kabisa. Ana meno na hana adabu. Kwa hiyo kijana yeyote akikujia na ndoo akasema tumhamishie trauti mto mwingine usio na trauti, mfukuze. Alipo abaki, asiko asipelekwe. Ila msiseme pia kwamba Afrika nzima haimjui. Kule Moroko na Algeria, katika mito ya milima ya Atlas, trauti wa jamii hii yuko tangu kale, hakuletwa na mtu. Kwa hiyo ni mgeni wa Nyandarua, si mgeni wa bara.

Tena nisichanganye wawili. Wengi wenu mkisikia trauti mnafikiria wale wa Kiganjo, wanaofugwa katika mabwawa na kulishwa vidonge vya chakula. Wengi wa hao ni trauti wa upinde wa mvua, aliyekuja baada ya huyu wa kwanza. Huyo utamjua kwa mstari wa waridi ubavuni, na vidoa vyeusi vilivyojaa hadi mkiani. Wa kahawia mkia wake kwa kawaida hauna vidoa. Ubavu wake ni kama siagi iliyoungua, una madoa meusi, na katikati yake yamo mekundu yaliyozungushiwa duara jeupe, kana kwamba mtu aliyachora moja moja kwa subira. Ni mzuri kuliko anavyostahili. Na tofauti kubwa haionekani kwa macho: mwenzake wa upinde wa mvua hurukia chambo kwanza kisha hufikiri. Huyu hufikiri kwanza, na mara nyingi hafiki kwenye kurukia.

Ninaposema wa porini, namaanisha yule ambaye hajapata kuona bwawa la saruji. Amezaliwa mtoni, mama yake alizaliwa mtoni, na bibi yake pia. Katika vijito vya juu kama Magura, na sehemu za juu za Chania na Gura, hana haja ya mtu kumpandikiza wala kumlisha. Huko ndiko ninakotaka niwapeleke sasa, mnifuate polepole.

Tuko juu, karibu mita 3,000. Nyasi ni za mafundo, ukikanyaga katikati unazama hadi goti. Miti mifupi imening'iniza ndevu za kijivu. Mto wenyewe ni mdogo, sehemu nyingine mwanafunzi wa darasa la nane anauruka. Maji yana rangi ya chai ya rangi iliyochemka mara moja tu, kwa sababu yametoka katika udongo mweusi wa kinamasi cha mlimani. Ni baridi ya kuuma mfupa. Nyuma yako yuko askari wa wanyamapori mwenye bunduki, maana nyati hawajui kwamba umelipia kibali.

Samaki yuko wapi? Mtu asiyejua hutazama katikati ya mto. Sasa fikirieni mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya kwenda Karatina. Hawezi kukaa katikati ya lami, atagongwa. Hawezi kukaa mbali, wateja hawatamfikia. Anakaa palepale ukingoni, magari yapite mbele yake, anyooshe mkono tu. Ndivyo afanyavyo trauti. Anakaa nyuma ya jiwe au chini ya ukingo uliomomonyoka, ndani ya maji yaliyotulia, pua yake karibu na mstari ambapo maji ya kasi yanakutana na maji ya polepole. Mkondo ndio barabara, na wadudu ndio abiria. Ananyoosha shingo, anameza, anarudi kiti chake. Na kila kiti kina mwenyewe. Ukimtoa mkubwa leo, ukarudi mwezi ujao, utamkuta mwingine amehamia palepale.

Uso wake unatazama juu mto unakotoka, kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka chini, nyuma yake. Hilo wabeba mikoba wote tulilijua. Nilichochelewa kukielewa ni macho yake. Mmeona ufito ukichovywa majini unavyoonekana umevunjika? Mwanga hupinda unapoingia majini. Kwa sababu hiyo samaki aliye chini huiona dunia ya juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, kama mtu aliye ndani ya kisima. Mtu aliyesimama wima huingia ndani ya duara hilo kutoka mbali. Aliyeinama, au anayetembea kwa magoti, hubanwa kwenye ukingo wa duara mpaka akawa si kitu. Ndiyo maana wavuvi wazuri wa mto mdogo suruali zao hutoboka magotini, na wabaya huwa safi.

Halafu kuna miguu. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Sauti zenu mkiongea ukingoni hazimsumbui sana, kwa kuwa sauti ya hewani haivuki vizuri kuingia majini. Hatua nzito juu ya udongo wa ukingo zinamfikia kama ngoma. Ongea, lakini usikanyage.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Fimbo nyepesi, fupi, kwa sababu vichaka havina huruma. Mshipi mnene kidogo, na kwenye ncha yake uzi mwembamba usioonekana. Kwenye uzi huo kuna ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nywele hata ikafanana na mdudu. Tunaiita nzi. Nzi huyu hana uzito, huwezi kumrusha kama unavyorusha jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nao humchukua nzi kama mtoto anayeburutwa sokoni na mama yake. Na hapa nijivune kidogo kwa niaba ya taifa: nzi hao wa ndoana hufungwa kwa wingi hapahapa Kenya, na akina mama na vijana walioketi mbele ya jiliwa, kibano cha kushikia ndoana, wakitumia manyoya ya kanga na sungura, kisha husafirishwa Ulaya na Marekani. Muungwana anayevua mto wa Uingereza asubuhi hii, huenda kilicho kwenye ncha ya uzi wake kimefungwa na mtu anayepanda matatu kama wewe.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa tayari mwalimu, nilimjua samaki mmoja. Alikaa chini ya ukingo wenye kichaka, mahali ambapo maji yalipinda kushoto. Nilimwona kwa mara ya kwanza kwa bahati tu, wingu lilipita, mng'ao ukaondoka juu ya maji, nikaona kitu nilichodhani ni mzizi kikifungua mdomo. Hakuwa mkubwa. Katika vijito vile chakula ni kidogo, samaki wa sentimita 25 ni mzee wa baraza. Huyu labda alifika 30.

Siku ya kwanza nilirusha, nzi akanasa kichakani. Nikavuta, kichaka kikatikisika, na yule bwana akaondoka taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anayetoka mkutanoni kwa heshima. Wiki ya pili nilikuja kwa magoti, nikafika mahali pazuri, nikarusha vizuri, nzi akatua vizuri. Mshipi ukashikwa na mkondo wa kati, nzi akaanza kukimbia juu ya maji kuliko maji yenyewe. Mdudu wa kweli hakimbii hivyo. Samaki akapanda, akamtazama, akashuka. Naapa alinitazama na mimi. Wiki ya tatu mvua ilinyesha tangu saa nne, maji yakawa kahawa, tukarudi nyumbani tumelowa, askari hanisemeshi.

Nilimpata wiki ya nne, na sikumpata kwa ujanja. Nilikuwa nimechoka nikakaa nyuma ya jiwe nikala kiazi changu. Nilikaa nusu saa bila kuinuka. Nilipokuwa nimesahau nilichojia, niliona wadudu wadogo wa kijivu wakitoka majini, mabawa yamesimama kama matanga ya jahazi, na yule bwana akala mmoja, akala wa pili, kila mara palepale. Nikafungua kijisanduku nikamchukua nzi mdogo wa kijivu. Nikarusha mara moja. Akala kama alivyokula wale wengine, bila kelele.

Nililowesha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humvua ule ute unaomkinga na maradhi. Ndoana yangu nilikuwa nimeibana kwa koleo ule mwiba mdogo wa nyuma, kwa hiyo ilitoka bila vita. Nikamshikilia akiwa amekabili mkondo mpaka alipojitoa mwenyewe mkononi. Askari akaniuliza, "Wiki nne, halafu unamrudisha?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia ninajua nyumba yake.

Msinielewe vibaya. Sina dini ya kurudisha kila samaki. Vijito vingine vya juu vimejaa samaki wadogo wengi wanaogombania chakula kidogo, na mtu mwenye kibali akichukua wawili kulingana na kanuni za mto akawakaanga kwa kitunguu, simwiti mwizi. Ninayemwita mwizi ni mwenye neti usiku. Lakini niendelee, nitamfikia mbaya kuliko huyo.

Tumeshuka sasa kutoka mbugani, tuko kwetu, kwenye chai na mahindi. Na hapa wakulima mnisikilize, maana hadithi ya samaki imekwisha, inayobaki ni ya kwenu.

Trauti jike akiwa tayari kutaga hutafuta changarawe, vijiwe vya ukubwa wa yai la kuku kurudi chini, mahali ambapo maji yanapita kati yake. Hulala ubavu akapiga mkia, akachimba. Hutaga, dume humwaga mbegu, naye jike huchimba tena juu kidogo ili vijiwe viteremke kufunika mayai. Hapo wazazi huondoka. Hakuna malezi. Mama wa kilo moja hutaga mayai kati ya 1,000 na 2,000, lakini hawa wetu wa gramu 200 hutaga mia chache tu. Maji yakiwa digrii 10, mayai hukaa humo yapata wiki 6. Yakianguliwa, watoto hubaki ndani ya changarawe wakiwa na kifuko cha kiini tumboni, hawali, wanangoja kikwishe.

Kwa hiyo kwa wiki nyingi kizazi kizima cha mto kimezikwa chini ya mawe, kinapumua maji yanayopenya kati ya kijiwe na kijiwe. Leteni tope. Shamba moja tu lililolimwa hadi ukingoni, mvua moja kubwa, ng'ombe kumi wanaoshukia mahali pamoja kunywa. Tope laini hujaza nafasi zote kati ya vijiwe, kama saruji. Ukisimama juu utaona mto umepita, mvua imepita, kila kitu kimerudi sawa. Chini yake pamekuwa kaburi. Na mwaka ule hutaona tofauti, wakubwa bado wapo. Utaiona baada ya miaka mitatu, wakati hakuna wadogo wa kukua, nawe umeshasahau ile mvua.

Halafu joto. Trauti wa kahawia hustarehe maji yakiwa kati ya digrii 12 na 16 hivi. Yakifika 19 au 20 huacha kula, hutafuta chemchemi ya kujificha. Yakikaribia 25, hufa. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na mwili wa samaki wakati huohuo unadai nyingi zaidi, ndipo anapobanwa pande zote mbili. Ni nini kinachopasha joto mto mdogo? Kata miti ya asili ya ukingoni. Weka pampu saba mahali palipokuwa na moja, maji yabaki ya kifundo cha mguu, jua la saa nane liyachemshe. Panda mikaratusi kando ya mto kisha ushangae chemchemi ilikwenda wapi.

Pale daraja la chini, nilipokuwa kijana, tulivua. Sasa hakuna. Pale kwenye kiwanda cha zamani cha kahawa, tulivua. Hakuna. Kila miaka kumi trauti amepanda mlima kidogo, kama mtu anayesogezwa kitandani mpaka amefika ukutani. Akifika kilele hana pa kupanda tena.

Sasa mtaniuliza, na mmoja aliwahi kuniuliza kwa ukali mbele ya chifu: tufunge pampu zetu kwa ajili ya samaki wa mzungu? Hapana. Maji yanayomfukuza yeye ndiyo mnayokunywa. Mto unaokauka kwake Februari unakauka kwenye mfereji wako pia. Tope linaloua mayai yake ni udongo wa juu wa shamba lako, ule wenye mbolea uliyoinunua kwa bei mnayoijua, na hauishii hapa. Gura na Chania ya Nyeri zinaingia Sagana, Sagana ni Tana, na tope letu linalala ndani ya bwawa la Masinga, ambalo linatakiwa kushika maji ya umeme. Linalopita hapo linakwenda Garissa, linakwenda Garsen, mpaka Kipini baharini. Kwa hiyo mzee wangu wa pale nje, bahari haiko Mombasa tu. Imeanzia kwenye choroko zako.

Niwaambie kuhusu siku ambayo mgeni huyu alishika jembe nikaona kwa macho yangu.

Ilikuwa kiangazi, maji machache. Nilishuka mtoni asubuhi, si kuvua, natafuta mbuzi. Nikaona kitu cheupe kimelala juu ya mawe. Kisha kingine. Nilipoinua macho, kipande chote cha mto kilikuwa na matumbo meupe, wakubwa na wadogo, na kaa wa mtoni wametoka nje ya maji wamesimama ukingoni kama watu waliokimbia nyumba inayoungua. Mtu alikuwa amemwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe mtoni, upande wa juu kutoka kwetu, apate samaki wa kuuza bila kutoka jasho. Sitamtaja, na waliopaswa kumshughulikia hawakumshughulikia, nao sitawataja.

Saa moja na nusu. Ni saa ambayo akina mama wanateka maji ya chai. Nilikimbia ukingoni nikipiga kelele kama mwendawazimu, "Msiteke! Msiteke!" Mama mmoja alikuwa ameshajaza mtungi, mtoto mgongoni. Alimwaga. Siku mbili hatukutumia mto ule, tulibeba maji kutoka chemchemi ya mbali, tukilalamika. Hakuna mtu aliyeumwa.

Dawa ile haikuwa na rangi. Maji yalikuwa safi, mazuri, yanacheka. Kama mto ule haungekuwa na samaki, mimi ningepita na mbuzi wangu, na yule mama angechemsha chai.

Basi ndiyo kazi ninayotaka tumpe rasmi. Hatuhitaji kumpenda. Tunatakiwa kujua yuko wapi na amefika wapi. Mto wenye trauti wadogo wa mwaka huu ni mto ambao changarawe yake inapumua. Mto wenye wazee watupu una tope. Mto aliouhama una joto au una sumu. Hana rushwa huyu, hana chama, hatumwi na serikali ya kaunti. Na kwa upande wetu, ujira wake ni mdogo: ukanda wa ukingoni. Kanuni zetu zinataja mita 6 hadi 30, kutegemea ukubwa wa mto. Mimi sitabishana nanyi kuhusu 30. Anzeni na hizo 6 mziache zioteshe majani na miti ya asili, na mchimbie ng'ombe birika mbali na maji. Na nyinyi vijana, jifunzeni kuvua kwa nzi. Sisemi kwa ajili ya utalii, ingawa wageni wanalipa, na kuongoza wavuvi kunalisha familia kuliko kuuza neti ya samaki waliokufa usiku mmoja. Nasema kwa sababu mvuvi wa nzi hulazimika kukaa nyuma ya jiwe nusu saa bila kuinuka, akiutazama mto. Ni nani mwingine hapa anayeutazama? Sisi wengine tunauchota tu.

Haya, boksi. Mwenyekiti, nisaidie kulifungua.

Hivi ni vipimajoto, viko sita. Na haya ni madaftari, ya kawaida, ya kurasa 48. Tutaviweka mahali sita, kutoka lango la mbuga hadi daraja la chini. Utapima saa nane mchana, wakati maji yana joto zaidi, kwenye kivuli, si kwenye dimbwi la pembeni bali maji yanayotembea. Kishikilie mpaka uhesabu sitini, ukisome kikiwa bado ndani ya maji, usikitoe kusoma nje, kitabadilika. Andika tarehe, andika digrii, andika kama umeona samaki, na kama ni wadogo au wakubwa. Kama hujaona, andika hujaona. Mwalimu mwenzangu wa sayansi ataweka daftari kubwa shuleni. Asiyejua kusoma kipimajoto aje na mjukuu.

Wanaotaka kujifunza kurusha mshipi, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa mpira, tutaanzia kwenye nyasi kavu. Msije na mashati mekundu, mtaanza na tabia mbaya.

Na wewe mzee uliyeniuliza habari za Mombasa, umejificha nyuma ya nguzo lakini nakuona. Daraja la chini ni karibu na kwako. Kipimajoto cha kwanza njoo ukichukue wewe.